Kupunguza, Kusimamisha, Kushikilia: Historia ya Breki katika Reli ya Kati

Waandishi wa historia ya reli katika Afrika ya Mashariki wameandika mengi juu ya jinsi treni zilivyopata kwenda: nani alipima njia, nani alitandika vyuma, fedha zilitoka wapi, na vichwa vya kuvutia mizigo vilikuwa vya namna gani. Juu ya jinsi treni zilivyopata kusimama wameandika machache. Jambo hili si la ajabu, maana mwanadamu hustaajabia mwendo kuliko utulivu. Walakini kwa watu wa uwanda wa juu wa Dodoma, ambako reli hupanda kutoka bonde la Mkondoa, swali la kusimama lina uzito kuliko swali la kwenda. Wahenga walisema, kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Na methali hiyo yafaa kuandikwa juu ya mlango wa kila stesheni kati ya Kilosa na Dodoma.

Nia ya makala haya ni mbili. Kwanza, kueleza kwa ufupi historia ya breki kwa kuitazama Reli ya Kati, tangu zama ambazo gurudumu lilizuiwa kwa nguvu ya mkono hata siku hizi ambapo sumaku na umeme vimepewa sehemu kubwa ya kazi hiyo. Pili, kuonyesha kwamba neno letu moja, breki, limebebeshwa kazi tatu ambazo Kiswahili chenyewe huzitenga kwa vitenzi vitatu. Utengano huo haukuwekwa kwa ajili ya wanasarufi tu. Katika vilima vya Igandu, mwaka 2002, watu 281 walikufa katika pengo lililopo kati ya kitenzi kimoja na kingine.

NCHI NA MWINUKO WAKE

Kabla ya reli, njia kuu ya kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji ilikata nchi ya Wagogo. Burton na Speke waliipita mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871, nao waliandika habari za hongo waliyotozwa na wakuu wa Ugogo na za shida ya maji iliyowapata wapagazi. Msafara ule ulisimama kwa amri ya kirangozi, au kwa ukame, au kwa uchovu. Mpagazi alipochoka alitua mzigo wake chini, na mzigo uliotuliwa haukumkimbia mwenyewe. Uzito ulipandishwa kwa miguu na kuteremshwa kwa miguu ileile, na wala hapakuwa na haja ya chombo maalumu cha kuuzuia.

Reli ilibadili jambo hilo. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, na kazi yenyewe ikafanywa na kampuni ya Philipp Holzmann. Njia yenye upana wa mita moja ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Ikitoka pwani, reli hiyo haipati taabu kubwa mpaka Kilosa, mji ulio karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari. Hapo huingia katika bonde la Mkondoa, ikaufuata mto kwa kona nyingi kupita Kidete na Godegode, kisha hupanda kwa Gulwe, Msagali na Igandu mpaka Dodoma, mji ulio juu kwa mita 1,120 hivi. Na safari ya kupanda na kushuka haiishii hapo. Baada ya Dodoma njia huteremka katika bonde la Bahi, halafu hupandishwa tena penye ukingo wa Saranda ili kufika Manyoni.

Yafaa msomaji apime mwinuko huo kwa hesabu, kwa sababu maneno matupu hayatoshi. Tani moja ikiteremshwa mita 600 hutoa nguvu iliyo sawa na uniti moja na nusu ya umeme na zaidi kidogo, yaani uniti zilezile tununuazo majumbani kwa ajili ya taa. Basi treni ya tani 1,000 ikishuka kutoka Dodoma mpaka Kilosa hutoa nguvu ipatayo uniti 1,600. Sehemu ya nguvu hiyo huliwa na msuguano wa magurudumu na upepo. Iliyobaki ni lazima ipate mahali pa kwenda. Isipopewa mahali na mtu, itajitafutia yenyewe, nayo itajitafutia katika mwendo. Kazi ya breki, ukiitazama vizuri, ni kuipa nguvu hiyo makao.

TOKA MKONO HATA HEWA

Makao ya kwanza yalikuwa joto. Katika reli za mwanzo za Ulaya na Marekani, kipande cha mti au cha chuma kilibanwa juu ya gurudumu kwa parafujo iliyozungushwa kwa mkono. Watu wa breki walikaa katika mabehewa kadhaa, wakingoja honi ya dereva. Aliposhuka mlima alipiga honi, nao wakakaza. Alipofika bondeni alipiga tena, nao wakalegeza. Ubaya wa utaratibu huo ni dhahiri. Treni ndefu ilikuwa na nia nyingi kama ilivyokuwa na watu, na aliyesinzia, au asiyesikia honi kwa kelele ya upepo, aliwaachia wenziwe mzigo wake.

Mabadiliko yaliletwa na msiba. Tarehe 12 Juni 1889, karibu na Armagh katika Ireland, treni iliyochukua watoto wa shule ya Jumapili na wazazi wao kwenda matembezini ilishindwa kupanda mlima. Wenye treni wakaamua kuikata vipande viwili, ili kichwa kipeleke nusu ya kwanza kisha kirudi kuchukua ya pili. Breki ya treni ile ilikuwa ya ombwe, lakini ya namna isiyojifunga. Mara bomba lilipotenganishwa, mabehewa ya nyuma hayakubaki na kizuizi chochote isipokuwa breki ya mkono ya gadi na mawe yaliyotiwa chini ya magurudumu. Nusu ya mbele ilipoanza kuondoka ilirudi nyuma kidogo, ikayagusa yale mabehewa, mawe yakapondeka, na mabehewa yakateremka mlima peke yake mpaka yalipoikuta treni iliyokuwa ikija nyuma. Watu wapatao 80 walikufa, wengi wao watoto. Mwaka huohuo bunge la Uingereza likatunga sheria ya kulazimisha treni zote za abiria ziwe na breki inayofika katika kila behewa na inayojifunga yenyewe.

Maneno hayo ya mwisho, inayojifunga yenyewe, ndiyo kiini cha historia yote ya breki. Chombo chenyewe kilikuwa kimekwisha kubuniwa. Mwamerika George Westinghouse alikuwa ametengeneza breki ya hewa mwaka 1869, na mwaka 1872 akaigeuza maana yake. Katika breki ya kwanza dereva alipeleka hewa ili kufunga. Bomba lilipopasuka, hapakuwa na breki. Katika breki ya pili kila behewa lilipewa mtungi wake, bomba likajazwa hewa muda wote wa safari, na hewa hiyo ikawa ndiyo inayozuia breki isifunge. Hewa ikipungua bombani, iwe kwa mkono wa dereva au kwa kukatika kwa treni, mitungi yote hufungua milango yake na breki zote hujifunga. Breki ya ombwe iliyo kamili hufuata kanuni hiyohiyo kwa njia ya kinyume: hewa hutolewa bombani ili treni iende, na hewa ikiingia, treni husimama. Kwa breki hizo zote mbili, ukosefu umefanywa kuwa amri. Reli ya Kati ilipoanza kujengwa, miaka 16 ilikuwa imepita tangu Armagh, na kanuni hiyo ilikuwa mali ya ulimwengu mzima wa reli.

Lakini hewa ina tabia yake. Huvuja. Breki iliyojifunga kwa hewa ya mtungi hubana kwa muda ambao hewa hiyo imo ndani ya silinda. Treni ikiachwa imesimama muda mrefu bila kichwa cha kuongeza hewa, mbano hulegea pole pole. Kwa sababu hiyo kanuni za reli duniani kote huamuru kwamba treni iliyosimama penye mteremko ifungwe kwa breki za mkono na kuwekewa kabari. Mtu asiyejua aweza kudhani kwamba ile parafujo ya mkono na lile gogo la mti ni masalio ya zama za kale yaliyosahauliwa ndani ya kanuni. Sivyo. Vimebaki kwa sababu vinafanya kazi ambayo hewa haikuahidi kuifanya.

IGANDU

Alfajiri ya tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria iliyochukua zaidi ya watu 1,200 ilikuwa ikipanda uwanda kutoka upande wa pwani kuelekea Dodoma. Ilikuwa imekwisha kuipita Msagali, nayo ilikuwa katika mwinuko wa Igandu, ilipopata hitilafu ya breki. Ikasimama. Kisha, badala ya kuendelea, ikaanza kurudi nyuma. Mteremko uleule ambao kichwa kilikuwa kimeushinda kwa jasho sasa ukaivuta, na treni nzima ikashuka kwa mwendo uliozidi kuwa mkali mpaka ilipoigonga treni ya mizigo iliyokuwa ikija nyuma yake. Watu 281 walikufa, na mamia walijeruhiwa. Maombolezo ya taifa yakatangazwa, na miili ambayo haikutambuliwa ikazikwa Dodoma. Hakuna ajali ya reli iliyoua watu wengi kuliko hiyo katika historia ya Tanzania, nayo yahesabiwa miongoni mwa ajali kubwa kabisa za reli katika Afrika.

Msomaji aliyefuata habari za Armagh ataona mara moja kwamba msiba ule ulijirudia baada ya miaka 113. Katika matukio yote mawili treni ilikuwa ikipanda. Katika yote mawili ilikuwa imekwisha kusimama. Katika yote mawili ilirudi nyuma na kuikuta treni nyingine iliyoifuata. Hatari haikutoka katika kasi ya safari. Ilitoka katika utulivu ambao haukushikiliwa.

Hapa ndipo lugha inapoanza kutuhusu. Katika habari za ajali twasoma kila mara kwamba breki zilifeli, kama kwamba breki ni mwanafunzi aliyeingia katika chumba cha mtihani. Kauli hiyo fupi haituambii ni kazi gani iliyoshindikana. Je, breki haikuweza kupunguza mwendo? Au ilipunguza lakini haikuweza kusimamisha? Au ilisimamisha lakini haikuweza kushikilia? Fundi hawezi kutengeneza, mchunguzi hawezi kuhukumu, na msomaji hawezi kuelewa, mpaka swali hilo limejibiwa.

SUMAKU NA UMEME

Wakati breki ya hewa ilipokuwa ikienea duniani, wanafizikia walikuwa wamekwisha kugundua namna nyingine ya kuzuia kitu kisichogusana na kizuizi chake. Mwaka 1824 Mfaransa Arago alionyesha kwamba sahani ya shaba ikizungushwa karibu na sindano ya sumaku huivuta sindano ifuate, ingawa shaba yenyewe haivutwi na sumaku. Sababu haikujulikana mpaka Faraday wa Uingereza alipogundua mwaka 1831 kwamba sumaku inayopita karibu na metali huzusha mkondo wa umeme ndani yake. Mwaka 1855 Foucault, Mfaransa mwingine, alizungusha sahani ya shaba kati ya ncha za sumaku yenye nguvu, akaona kwamba sahani inakuwa nzito mkononi na kwamba inapata joto. Ule uzito ni breki. Lile joto ni makao ya nguvu iliyozuiwa.

Mikondo hiyo ya umeme haina waya wa kuifuata. Huzunguka ndani ya metali kwa vitanzi, na kila kitanzi hujifanya sumaku ndogo inayopingana na mwendo uliokizaa. Anayeujua uwanda wa Dodoma wakati wa kiangazi, vumbi linapoinuka na kuzunguka papo hapo bila njia wala mwisho, hatapata taabu kuielewa. Kwa sababu hiyo twaona kwamba jina la mikondo ya kisulisuli lingefaa kuliko tafsiri yoyote iliyofinyangwa katika chumba cha istilahi. Neno sumakuumeme limekwisha kukubaliwa katika vitabu vya sayansi kwa nguvu inayounganisha vitu hivi viwili, nasi twalitumia bila wasiwasi.

Katika reli, sumakuumeme imetumiwa kwa njia tatu, na yapasa kuzitenga kwa sababu watu huzichanganya.

Njia ya kwanza ni kuigeuza mota. Mota ya umeme na jenereta ni chombo kimoja kinachotazamwa kutoka pande mbili: ukikipa umeme kinazungusha gurudumu, na gurudumu likikizungusha kinatoa umeme. Dereva anapotaka kupunguza mwendo, magurudumu huachwa yaendeshe mota, na kazi ya kutoa umeme huwa mzigo unaoyazuia. Umeme unaopatikana huteketezwa kuwa joto katika vipinga vilivyo juu ya kichwa, au, penye waya wa umeme, hurudishwa katika waya ule.

Njia ya pili ni sumaku ya kushika reli. Kati ya magurudumu huning'inizwa sumakuumeme ndefu. Inapopewa mkondo wa betri hushuka na kung'ang'ania chuma cha reli, na treni husimama kwa msuguano wa chuma juu ya chuma. Tramu za Ulaya zimeitumia tangu mwanzo wa karne ya 20. Faida yake ni kwamba haitegemei gurudumu, kwa hiyo utelezi wa gurudumu wakati wa mvua hauiharibu.

Njia ya tatu ni ile ya Foucault, ambayo ndani yake vitu havigusani. Sumaku huwekwa juu kidogo ya reli au karibu na sahani iliyo katika ekseli, na mikondo ya kisulisuli hufanya kazi iliyobaki. Hapana kinacholika, hapana kinachohitaji kubadilishwa kila mara. Wajapani waliitumia kwa sahani katika treni zao za kasi za mfululizo wa 100, zilizoanza kazi mwaka 1985. Wajerumani waliiweka juu ya reli katika treni zao za ICE 3, na njia iliyojengwa kwa kuitegemea, ile ya kutoka Köln kwenda Frankfurt, yenye miteremko inayofikia mita 40 katika kila kilomita, ilifunguliwa mwezi Agosti mwaka 2002. Wiki zisizotimia sita zilikuwa zimepita tangu Igandu.

DODOMA, 2024

Njia ya pili ya reli katika uwanda huu ilianza kujengwa mwaka 2017, ikiwa na upana wa mita 1.435 na waya wa umeme wa volti 25,000. Kampuni ya Yapı Merkezi ya Uturuki ilipewa sehemu ya kutoka Dar es Salaam mpaka Morogoro, na kisha ile ya kutoka Morogoro mpaka Makutupora. Vichwa 17 vya umeme na seti 10 za treni zilizo na mota zake zenyewe viliagizwa kwa Hyundai Rotem ya Korea Kusini. Abiria walianza kusafiri mpaka Dodoma tarehe 25 Julai 2024, na tarehe 1 Agosti Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua safari hiyo. Zile seti, kwa sababu ya pua yake iliyochongoka, wananchi walizipa jina la Mchongoko kabla abiria wengi hawajazipanda. Mwendo uliowekwa kwa treni za abiria ni kilomita 160 kwa saa. Na katika orodha ya stesheni zake, baada ya Kilosa, Kidete na Gulwe, limo tena jina la Igandu.

Kama ilivyo desturi ya treni za umeme za kizazi hiki, mota zinazoivuta treni kupanda uwanda ndizo zinazoizuia kushuka. Zile uniti 1,600 tulizozihesabu, ambazo kwa zaidi ya miaka 100 ziliishia katika joto la viatu vya breki na vumbi la chuma kando ya Mkondoa, sasa sehemu yake yaweza kurudi katika waya na kutumiwa na treni nyingine inayopanda. Wazo hilo si geni kabisa katika nchi zetu. Wajenzi wa reli ya Uganda walipokuwa hawajamaliza njia ya kudumu penye ukingo wa Kikuyu katika Kenya, mabehewa yaliteremshwa Bonde la Ufa kwa kamba za chuma, na uzito wa yaliyoshuka ulisaidia kupandisha yaliyokuwa yakipanda. Waya wa umeme umeichukua nafasi ya ile kamba. Kanuni ni ileile: kinachoshuka kimlipie kinachopanda.

Pamoja na faida, kasi imeleta deni. Nguvu ya mwendo haiongezeki kwa kadiri ya mwendo, bali kwa mwendo uliozidishwa kwa mwendo. Treni inayokwenda kilomita 160 kwa saa ina nguvu mara nne ya ile inayokwenda 80, ingawa uzito wao ni mmoja. Viatu vya chuma peke yake vingechoka upesi chini ya deni hilo, na kwa hiyo msaada wa umeme si anasa.

VITENZI VITATU

Sasa twafika penye jambo ambalo makala haya yaliandikwa kwa ajili yake. Breki ya mota na breki ya mikondo ya kisulisuli zina sifa moja zinayoshirikiana: nguvu yake huzaliwa na mwendo. Sumaku isiyopita karibu na metali haizushi mkondo. Gurudumu lisilozunguka halitoi umeme. Treni inapokwenda kasi, breki hizo hufanya kazi vizuri. Inapokaribia kusimama hudhoofika. Inaposimama, hazipo. Mtu angeweza kufunga breki ya Foucault iliyo bora duniani chini ya treni iliyosimama katika mwinuko wa Igandu, na treni ile ingeanza kurudi nyuma kana kwamba haikufungwa kitu. Breki ingeamka baadaye, treni ikiwa tayari inakimbia. Nayo breki ya mota inayorudisha umeme yahitaji waya ulio tayari kuupokea.

Kiswahili kina maneno ya tofauti hii, na kilikuwa nayo kabla ya reli. Kupunguza ni kufanya kitu kipungue: mnyambuliko wenyewe wadai kwamba kitu hicho kiwepo, kwa maana kisichokuwapo hakipunguzwi. Hii ndiyo kazi ya mota na ya mikondo ya kisulisuli. Kusimamisha ni kufanya kitu kisimame, yaani kukitoa katika hali moja na kukiingiza katika hali nyingine. Ni tendo lenye mwisho. Hii ndiyo kazi ya breki ya hewa, na ya sumaku ya kushika reli. Kushikilia si tendo la namna hiyo. Kimetoka katika kushika, lakini kiambishi kilichorefushwa kimekipa maana ya kudumu: anayeshika aweza kuachia mara moja, bali anayeshikilia haachii. Hii ndiyo kazi ya parafujo ya mkono, ya kabari, na, katika treni za kisasa, ya breki ya springi, ambayo springi huifunga na hewa huifungua, hata hewa ikivuja yote treni huzidi kubanwa.

Kuna mtego mwingine, nao umo katika sarufi tunayoitumia kila siku. Tukisema treni imesimama, kiambishi -me- chatuambia mambo mawili kwa mara moja: kwamba tendo la kusimama limekwisha, na kwamba hali ya kusimama ipo. Ndivyo kilivyo katika amelala, amekaa, amevaa. Kwa kiumbe hai hapana hatari, kwa kuwa aliyesimama hujishikilia mwenyewe kwa miguu yake, kama mpagazi wa Ugogo alivyofanya. Chombo cha tani mia nyingi kilicho juu ya mteremko hakina miguu. Kwake, imesimama ni habari ya zamani tu. Hali yake ya sasa yahitaji kitenzi kingine na mtu wa kukitenda. Kati ya treni imesimama na treni inashikiliwa kuna nafasi, na katika nafasi hiyo Armagh na Igandu zilitokea.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba waandishi wa vitabu vya mafunzo ya madereva na mafundi, pamoja na watunzi wa istilahi, wasiridhike na neno breki likiwa peke yake. Neno hilo limezoeleka nalo litabaki. Hatuna nia ya kulifukuza. Lakini lipewe vitenzi vyake: breki ya kupunguza, breki ya kusimamisha, na breki ya kushikilia. Majina haya hayahitaji kamusi mpya, wala hayamwombi fundi wa Dodoma akariri neno la kigeni. Kila amri katika kitabu cha kanuni, na kila ripoti ya ajali, ingelazimika kusema ni ipi kati ya hizo tatu inayotajwa. Kama mwandishi wa habari angelazimika kuandika kwamba breki ya kusimamisha ilifanya kazi lakini ya kushikilia haikuwapo, msomaji wake angeelewa kwa sentensi moja jambo ambalo kauli ya breki zilifeli huficha.

Yaweza kudaiwa kwamba mafundi wanaijua tofauti hiyo bila kufundishwa na wanalugha. Hapana shaka wengi wanaijua, kwa Kiingereza. Lakini treni husimama usiku penye mteremko mbele ya watu wengi wasiokuwa mafundi: gadi, mhudumu wa behewa, mkuu wa stesheni ndogo, na abiria wenyewe. Hao ndio watakaoulizana kwa Kiswahili kama kuna hatari. Jibu la kwamba treni imesimama halitoshi, nao wana haki ya kuwa na lugha ya kuuliza swali linalofuata: imeshikiliwa na nini?